Onduleri Mapacha: Namna ya Kuzichunga kwa Ordinateri Moja

Somo kwa wanafunzi wote na waalimu wetu



Sisi wote tunajua vile umeme unakatika bila kupiga hodi. Ndiyo maana shule nyingi zinanunua onduleri, na mara nyingi zinanunua tatu ao ine za namna moja, ku duka moja. Kisha wanaunga zote ku ordinateri moja kwa waya za USB, ili ordinateri ile izichunge. Hapo ndipo tabu inaanza. Katika somo hili tutaona kwa nini ordinateri inazichanganya, namna ya kuzitenganisha, na hesabu moja ndogo yenye inaweza kuokoa pointi za mwaka muzima.

1. Onduleri inasema nini?

Ndani ya onduleri kuna batri, kwa kawaida ya risasi, na mashini yenye inageuza umeme wa batri kuwa kama umeme wa ukutani. Haikutengenezwa ili tufanye kazi usiku muzima. Inatoa dakika chache tu, ili mtu ahifadhi kazi yake na kuzima ordinateri vizuri.

Waya ya USB hailishi ordinateri. Inaleta habari tu. Kuna programu ya bure, Network UPS Tools, kwa kifupi NUT, yenye inaandika habari hizo kwa alama. OL: umeme wa ukutani uko. OB: onduleri inakula batri. LB: batri iko karibu kuisha. OB na LB zikionekana pamoja, ni saa ya kuzima.

2. Kwa nini ordinateri inazichanganya?

Kila kifaa cha USB kikiungwa kinataja namba mbili: ya kiwanda na ya aina. Onduleri nyingi za APC zinataja 051d na 0002. Kama tuko nazo tatu, zote tatu zinajibu vilevile. Ordinateri inapatia kila moja anwani pia, kati ya 1 na 127, lakini anwani si jina. Ukichomoa waya na kuirudisha, ao ukiwasha ordinateri upya, inaweza kubadilika. Yenye ilikuwa ya 4 leo, kesho ni ya 6.

Wazazi wa mapacha wanajua jambo hili. Kwa Waluba wa Katanga mapacha wanaitwa Kyungu na Kabange. Hata kama sura ni moja, majina ni mawili. Kabange akiwa na homa, mama hawezi kumpa dawa yule aliyeingia nyumbani wa kwanza. Anatafuta alama ku mwili, ao anaangalia kila mmoja analala ku kitanda gani. Sisi pia tuko na njia hizo mbili.

3. Alama ya mwili na kitanda

Alama ya mwili ni namba ya seri. Amri nut-scanner -U inatuonyesha kama iko. Tukiipata, tunaiandika katika faili ya ups.conf, na tunapatia onduleri jina la kazi yake:

[biro]
driver = usbhid-ups
port = auto
serial = "namba ya seri ya onduleri ya biro"

Tunafanya vilevile kwa [maktaba] na [modemu], kila moja na namba yake. (Onduleri za namna ingine zinaweza kuomba driver ingine.)

Lakini kanuni za USB hazilazimishi kiwanda kuweka namba ya seri. Onduleri za bei ndogo mara nyingi hazina, ao zote zinataja namba ileile. Hapo tunatumia kitanda, ni kusema tundu lenye waya imeingia. Katika matoleo mapya ya NUT tunaandika bus na busport. Tusiandike device, kwa sababu hiyo ndiyo anwani yenye inabadilika. Na sheria ni moja: waya haihami. Tubandike skochi yenye jina ku waya, na ingine ku tundu.

4. Hesabu yenye inaokoa

Katika faili ya upsmon.conf, kila onduleri iko na mstari wa MONITOR, na ndani yake kuna namba. Namba ile haihesabu onduleri. Inauliza: onduleri hii inalisha ordinateri HII yenye inachunga mara ngapi? Kisha MINSUPPLIES inasema ordinateri inahitaji ngapi ili iishi. Kwa kawaida ni 1.

Tuseme mtu ameandika 1 ku mistari yote tatu. Jumla ni 3. Umeme unakatika, na batri ya [biro], yenye ni ya zamani, inafika LB ya kwanza. 3 kutoa 1 ni 2. Mbili inapita moja, basi programu inaona bado tuko na umeme, na haizimi kitu. Dakika chache kisha, ordinateri inakufa ghafula, katikati ya kuandika pointi.

Sasa tuandike vizuri: [biro] 1, [maktaba] 0, [modemu] 0. Jumla ni 1. Batri ya biro ikifika LB, 1 kutoa 1 ni 0. Sufuri haifiki moja, basi ordinateri inafunga kazi na kuzimika vizuri. Namba 0 haisemi «usiangalie». Habari za onduleri zile zinaendelea kuja.

Ordinateri ya maktaba nayo inapaswa kusikia habari ya [maktaba] kwa njia ya rezo. Ndiyo maana modemu pia inakaa ku onduleri.

5. Jaribio

Jina lenye halijajaribiwa ni skochi tu. Tuchague siku yenye sekretere haingizi pointi. Tuunge taa ku onduleri, na ordinateri ku ukuta kwa muda ule. Tuchomoe fishi ya onduleri moja ku prizi ya ukuta, si waya ya USB, kisha tuandike: upsc biro ups.status. Biro iseme OB, zingine zibaki OL. Kama jina lingine ndilo linasema OB, tumechanganya mapacha. Turudishe fishi, turekebishe, tuanze tena. Matokeo na tarehe viingie ku kaye. Kila mara waya imehamishwa ao onduleri imebadilishwa, jaribio linarudiwa.

Maulizo ya kujipima

1. Kwa nini anwani ya USB haifai kuwa jina?
2. Onduleri mbili hazina namba ya seri. Utazitenganisha namna gani?
3. Shule iko na onduleri ine. Moja tu inalisha ordinateri yenye inachunga, lakini kila mstari uko na 1. Batri ya onduleri ile ikiisha, jumla itabaki ngapi, na nini itatokea?

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho