KUHAMA NA KUHAMIA: Umeondoka, Je, Umefika?



Leo tujifunze neno moja tunalolitumia kila siku: kuhama. Tunahama chumba mwenye nyumba akipandisha kodi. Mwalimu anapata uhamisho. Wafugaji wanahamahama kutafuta malisho. Mchezaji anahama timu, mwanasiasa anahama chama.

Kuhama si kusafiri. Anayesafiri anafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Anayehama anabeba godoro, na ufunguo anamrudishia mwenye nyumba.

Sasa sikiliza sentensi hizi mbili: "Amehama Mwanza." "Amehamia Mwanza." Wa kwanza ukienda Mwanza humkuti tena. Wa pili ndiko anakoishi. Tofauti ni ile "i" tu, ile tuliyofundishwa shuleni kuwa ni kauli ya kutendea. Kuhama kunatazama ulikotoka, kuhamia kunatazama unakoingia. Na mtu anaweza kabisa kufanya la kwanza asifanye la pili.

Mimi nilifanya hivyo. Nilipomaliza kidato cha sita, kabla ya kuingia seminari, nilikwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua. Nyumbani nilikuwa mwanakwaya, kila mtu ananijua. Dar nilisali Jumapili misa ya kwanza, benchi la nyuma, baraka ikitolewa nishafika getini. Miezi kumi na moja sikuwahi kuuliza jumuiya ya mtaa wetu inasalia kwa nani. Kisha nikaugua malaria, siku tatu kitandani. Aliyeniletea uji ni mama jirani, Mwislamu. Siku ya tatu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani huko kanisani kwenu hawakujui?"

Nikanyamaza. Kweli hawakunijua, na kosa lilikuwa langu. Nyumbani nilikuwa nimehama. Dar nilikuwa sijahamia.

Soma Kitabu cha Ruthu, sura ya 1. Naomi anarudi Bethlehemu, wakwe zake wawili wanamsindikiza. Orpa anambusu na kurudi Moabu. Ruthu anabaki. Angalia anachokisema katika aya ya 16 na 17: hasemi sana kuhusu Moabu anakokuacha. Anataja anakoingia: watu wa Naomi watakuwa watu wake, Mungu wa Naomi atakuwa Mungu wake, hata kaburi lake litakuwa huko huko. Huko ndiko kuhamia! Na huyu mgeni tunamkuta katika ukoo wa Yesu, Mathayo 1:5.

Ndiyo maana maaskofu wetu wa AMECEA, walipokutana mwaka 1976, walisisitiza kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Parokia ni kubwa, unaweza kujificha humo. Jumuiya ina watu wachache, ukikosekana wanauliza.

Neno hili linagusa pia maisha ya ndani. Katika Luka 11:24-26 Yesu anasimulia pepo aliyemtoka mtu, akarudi na kukuta nyumba imefagiwa, akaingia na wenzake saba, hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Umeacha pombe, umeachana na lile kundi, umefuta zile video kwenye simu. Hongera, umehama. Lakini umehamia wapi? Jioni ile uliyokuwa unakunywa, sasa unakaa na nani? Moyo haukai mtupu.

Zoezi la wiki hii. Kama umehamia mtaa mpya kwa ajili ya chuo au kazi, chukua barua ya utambulisho parokiani kwenu, nenda ofisi ya parokia uliyopo, uliza jumuiya yako ni ipi. Kama umeacha dhambi fulani, andika jambo moja jema litakalokaa mahali pake. Na kama kuna mgeni jumuiyani kwenu, usisubiri augue ndipo umjue jina.

Tusali: Ee Bwana, uliyetutoa gizani, utufikishe kwako. Usituache njiani tukiwa tumehama bila kuhamia. Amina.