FAHAMU BAJETI: Nani hulipia paa la chuo kikuu?

Tuseme paa la bweni la chuo kikuu cha umma linavuja. Mzazi kutoka Ruiri, ambaye mtoto wake anasoma huko, anasimama katika kikao cha bajeti cha wadi na kuitaka kaunti ilitengeneze. Ombi lake ni la haki, lakini amebisha mlango usio wake.

Kazi ya nani?
Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi za elimu. Vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru na Chuo Kikuu cha Embu, viko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto.

Pesa hutoka wapi?
Majengo mapya hutegemea zaidi pesa za maendeleo zinazopitishwa na Bunge la Taifa. Ukarabati mdogo hulipiwa kutoka matumizi ya kawaida ya chuo, yaani mgao wa serikali, karo na mapato mengine. Bajeti hiyo huidhinishwa na baraza la chuo.

Hapa ndipo penye shida. Mishahara na stima haviwezi kungoja, kwa hivyo mara nyingi ukarabati ndio huahirishwa. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfereji wa paa ukiziba, maji hushuka ukutani, dari huoza na nyaya za umeme hulowa. Kazi ambayo fundi mmoja angeimaliza kwa siku moja inageuka kuwa kandarasi, na wanafunzi wanakosa pa kulala.

Mwananchi afanye nini, na lini?
1. Mwaka wa kifedha huanza Julai 1. Makadirio ya bajeti ya kitaifa hufikishwa Bungeni kufikia Aprili 30. Baada ya hapo kamati ya bajeti hupokea maoni ya umma, kama Kifungu cha 221 kinavyoagiza. Peleka ombi lako hapo, au kwa mbunge wako.
2. Andikia chuo ukiuliza kimetenga kiasi gani cha ukarabati. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakitaka kikujibu ndani ya siku 21.
3. Katika kikao cha wadi, ulizia darasa la chekechea na chuo cha ufundi kilicho karibu nawe. Usiulizie jengo jipya pekee. Uliza pia pesa za kutunza lililopo.

Jipime
- Choo cha darasa la chekechea kimebomoka. Utaenda kwa mwakilishi wadi au kwa mbunge?
- Maabara ya chuo kikuu inahitaji kupanuliwa. Ombi lifike wapi, na kabla ya mwezi gani?

Ukiweza kujibu hayo mawili, ombi lako halitazungushwa ofisi hadi ofisi.