Udongo wa Osukuru haujengi mfupa

SWALI: Daktari, nina mimba ya miezi saba. Miguu inanikaza usiku na meno yanauma. Mama mkwe hunipa udongo kila siku. Anasema mtoto ananimaliza mifupa, na kwa kuwa vilima vyetu ni vya chokaa, udongo utairudishia nguvu. Mtoto wangu wa kwanza, wa miaka mitatu, ana matege. Na yeye nimpe?
Mama wa Osukuru

JIBU: Mama, usimpe. Na wewe acha leo.

Swali hili naulizwa Tororo, naulizwa Busia, na kila mara sababu ni hiyo hiyo chokaa. Kweli mawe ya Osukuru yana chokaa, na imetumika kutengenezea saruji Tororo. Lakini vilima hivyo vina fosfeti, chuma na niobiamu pia, na donge unalouziwa sokoni hujui limechimbwa wapi wala nani amelipima. Odowa au bumba, liite utakavyo, kwa kawaida ni udongo wa mfinyanzi, na huo si chokaa. Ukifika tumboni hushika madini ya chuma ya chakula chako, pamoja na ya vidonge ulivyopewa kliniki, ukatoka nayo chooni. Damu inapungua. Damu ikipungua, hamu ya udongo huzidi, na mama hudhani mwili unadai mifupa. Wengi wamenaswa hapo miaka nenda miaka rudi, na inaniuma kuona bado tunarithishana jambo hili. Wengine hunijibu kwamba wao huuoka kwanza. Moto huua mayai ya minyoo, lakini madini ya risasi yakiwemo hauyaondoi, na risasi humfikia mtoto tumboni ikaharibu ubongo wake.

Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba jambo moja amelijua: chakula kikikosa kalsiamu, mtoto huichukua kwenye mifupa ya mama. Meno hayagusi; mimba huvimbisha ufizi, kwa hiyo muone daktari wa meno.

Tuangalie sufuria. Posho ya mahindi na muhogo hushibisha, ila kalsiamu yake ni haba mno. Atapa, ugali wa wimbi waliokula wazee wa Kiteso, ulivizidi mbali: gramu 100 za unga wa wimbi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Mwili haufyonzi yote hiyo, lakini wimbi ukioteshwa au uji ukichachushwa, hufyonzwa zaidi. Mukene, yaani omena, uliwe mzima na vichwa vyake. Kalsiamu imo kwenye mifupa ile mnayoitupa. Ongeza sukuma wiki, simsim, na glasi ya maziwa ikipatikana. Supu ya mifupa ni tamu, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa uliochemshwa ni kidogo sana.

Sasa mtoto. Miguu kupinda kabla ya miaka miwili mara nyingi hujinyoosha yenyewe. Katika miaka mitatu sikubali kungoja. Usiambiwe aote jua tu: utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha watoto wa nchi yenye jua tele wakipata matege kwa kukosa kalsiamu, na wakapona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu kuliko vitamini D peke yake. Na kama hulia kwa maumivu ya mifupa, apimwe selimundu, ugonjwa ulio mwingi ukanda wetu. Mpeleke wiki hii. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, kwa hiyo kuonwa na mhudumu hakupaswi kukugharimu.

Nawe siku hiyo hiyo upimwe damu na presha, useme wazi kwamba umekuwa ukila udongo. Uliza vidonge vya kalsiamu. Shirika la Afya Duniani huvipendekeza kwa wajawazito wa sehemu ambazo chakula kina kalsiamu kidogo, kwa sababu hupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Usivimeze pamoja na vya chuma, achanisha kwa saa kadhaa. Lakini kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au uso ukivimba, usisubiri siku ya kliniki wala ruhusa ya mtu: panda boda uende hospitali ya Tororo usiku huo huo.