Mtu Hapimwi kwa Kabila Lake: Fundisho Kutoka kwa Mchezaji Jeremy Lin



Katika kazi yetu makambini na katika vijiji vinavyopokea wahamishwa, mara nyingi tunasikia maneno kama haya: "Wale ni wavivu." "Wale ni wezi tangu mababu zao." "Wale wanajua ng'ombe tu, hawajui kulima." Anayesema hivyo hajapima kitu. Ameyapokea maneno hayo kwa wengine, naye anayapitisha kwa watoto wake. Matokeo yake tunayaona wakati wa kuandika majina ya watakaopata kazi ya siku, wakati wa kuchagua kamati ya maji, hata wakati vijana wanapogawana timu za mpira.

Somo la mara hii linatoka mbali, katika mchezo wa basketi huko Marekani. Tumelichagua kwa sababu ni rahisi kuona kosa kwa jirani wa mbali, kisha kujitazama sisi wenyewe.

Kijana ambaye timu hazikumtaka

Jeremy Lin alizaliwa California mwaka wa 1988. Wazazi wake walitoka Taiwan. Mwaka wa 2006 aliongoza timu ya shule yake ya sekondari, mjini Palo Alto, kuchukua ubingwa wa jimbo katika daraja lao. Msimu huo walishinda mechi 32 na kupoteza moja tu. Pamoja na hayo, hakuna chuo kikuu kikubwa cha michezo kilichompa buruse ya kucheza. Alikwenda Harvard, chuo ambacho hakitoi buruse za michezo, akasomea uchumi.

Mwaka wa 2010 timu za ligi ya NBA zilichagua wachezaji wapya 60. Jina la Lin halikuwamo. Baadaye timu ya Golden State ilimpa mkataba, lakini mwezi wa Desemba 2011 ikamwondoa. Houston ikamchukua, nayo ikamwondoa kabla ya majuma mawili kwisha. Mwishoni mwa mwezi huohuo New York Knicks ikampokea, akae benchi.

Macho yalikishinda kipimo

Je, hakuwa na uwezo? Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Daryl Morey, aliyekuwa kiongozi wa timu ya Houston, alikuja kukiri jambo hili waziwazi. Hesabu za timu yake zilionyesha kwamba Lin alistahili kuchaguliwa mapema mwaka wa 2010. Vipimo vilionyesha pia kwamba hatua zake za kwanza zilikuwa za kasi sana. Lakini watu wote, pamoja na Morey mwenyewe, walimwona kama mtu asiye na nguvu za mchezo. Alipotafuta sababu, hakuona nyingine ila kwamba Lin alikuwa na asili ya Asia.

Tufikiri kidogo. Watu hawa hawakuwa na vita na Waasia. Walikuwa na elimu, mashine za kupimia na hesabu mkononi. Lakini picha iliyokuwa kichwani, kwamba Mwasia ni mtu wa vitabu na si mtu wa basketi, ilikishinda kipimo. Ndivyo dharau ya kabila inavyofanya kazi. Si lazima ije na panga. Inaweza kuja kimya, katika orodha ambayo jina lako halimo.

Mlango ulifunguka

Mwezi wa Februari 2012 Knicks ilikuwa katika shida. Ilikuwa imepoteza mechi 15 kati ya 23, na wachezaji wake kadhaa walikuwa wameumia. Lin alikuwa akilala kwenye kiti kirefu nyumbani kwa kaka yake, kwa maana mkataba wake ulikuwa bado haujahakikishwa. Tarehe 4 Februari kocha Mike D'Antoni alimwingiza kucheza na New Jersey Nets. Alifunga pointi 25, Knicks ikashinda. Tarehe 10 alifunga pointi 38 mbele ya Los Angeles Lakers. Tarehe 14, huko Toronto, alifunga kikapu cha ushindi mchezo ukiwa karibu kumalizika kabisa. Knicks ilishinda mechi saba mfululizo.

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini tusisahau kwamba si haki iliyomfungulia Lin mlango. Ulifunguka kwa sababu timu ilipungukiwa na watu. Ni wangapi wenye kipawa ambao hawajapata siku kama hiyo?

Matusi na jibu lake

Sifa hazikuyamaliza matusi. Mwezi huohuo, Knicks ilipopoteza mechi, ukurasa wa ESPN ulitoa kichwa cha habari chenye neno linalotumiwa kuwatukana watu wa asili ya Kichina. Mhariri aliyeliandika alifukuzwa kazi. Aliomba radhi, akasema hakukusudia kutukana. Lin alimsamehe, na baadaye wawili hao walikutana wakala chakula pamoja.

Mwaka wa 2021 Lin alieleza kwamba mchezaji mmoja alimwita "virusi vya korona" uwanjani. Ligi ilianza uchunguzi. Lin alikataa kumtaja mtu huyo hadharani, kwa maana hakutaka aibu ya mtu mmoja iwe dawa ya ugonjwa wa wengi. Hata hivyo hakunyamaza juu ya ubaya wenyewe.

Mwaka wa 2019 alikuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Asia kupata ubingwa wa NBA, akiwa na Toronto. Aliacha kucheza mwaka wa 2025.

Mafundisho kwetu

1. Tupime kazi, tusipime kabila. Kiongozi anayechagua wajenzi wa choo cha kambi awape wote kazi ileile ya kujaribiwa, kisha atazame ukuta uliojengwa.

2. Tufungue mlango kabla ya shida. Kamati isingoje watu wapungue ndipo imkumbuke mwenye kabila dogo, mjane au kijana.

3. Msamaha haufuti wajibu. Mhariri alipoteza kazi, na pia alisamehewa. Mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja. Tunaposema "tusameheane", tusiwanyamazishe walioumizwa.

4. Heshima si zawadi ya mshindi. Lin hakuwa mtu kwa sababu alifunga pointi 38. Alikuwa mtu tangu alipokuwa benchini. Jirani yako wa kabila lingine hana deni la kukuonyesha maajabu ndipo umheshimu.

Maulizo ya kujadili katika vikundi

– Ni maneno gani tunayoyasema kuhusu kabila lingine ambayo hatujayapima sisi wenyewe? Tuliyapata wapi?
– Katika kamati zetu, ni majina ya nani ambayo hayaandikwi kamwe? Sababu ni nini?
– Mtu akitukana kabila la jirani mbele ya watoto wako, utamjibu namna gani bila kuwasha moto mwingine?

Tunawaomba viongozi wa vikundi wasome somo hili kwa sauti, na vijana na mama waanze kujibu kabla ya wazee. Kila kikundi kichague jambo moja la kubadilisha kabla ya mkutano ujao: jina moja la kuongeza katika kamati, au neno moja la dharau la kuacha kulitumia.