Ramani ya Kiwanja na Ugonjwa wa Kusahau

Halmashauri ya mji inapoletewa maombi ya kujenga nyumba ya kuwatunzia wazee wenye ugonjwa wa kusahau, karatasi inayotangulia kuwekwa mezani ni ramani ya kiwanja. Ramani hiyo haionyeshi dawa wala wauguzi. Huonyesha mipaka, barabara, maegesho ya magari, miteremko, mifereji na mahali jengo litakapokaa. Hata hivyo, anayejua kuisoma aweza kutambua humo kama mzee atakuwa salama au la. Katika somo hili tutaeleza kanuni zinazotumika katika ukaguzi huo, tukichukua mfano wa Marekani, ambako miji mingi huikabidhi kazi hiyo kamati ya mipango ya wenyeji.

Ugonjwa wenyewe

Demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, si ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na maradhi mbalimbali yaharibuyo chembe za ubongo. Yaliyoenea zaidi ni maradhi ya Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia.

Mgonjwa hapotewi na majina na tarehe tu. Hupotewa pia na mahali alipo. Chama cha Alzheimer cha Marekani hueleza kwamba watu 6 katika kila 10 wenye demensia hutangatanga na kupotea angalau mara moja. Miguu yaweza kuwa ingali na nguvu, bali ramani iliyokuwamo kichwani imefutika. Kwa hiyo ramani ya kiwanja yapasa kufanya kazi ambayo ubongo wa mgonjwa hauwezi tena kuifanya.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1974 huko Philadelphia lilifunguliwa jengo lililosanifiwa mahsusi kwa wagonjwa hao, vyumba vyake vikizunguka ukumbi mmoja wa wazi, ili mzee atokapo mlangoni aone mara moja mahali pa kwenda. Mwaka 2009 Uholanzi ilifungua De Hogeweyk, katika mji wa Weesp, ambapo nyumba zimepangwa kama kijiji chenye vichochoro, bustani na duka, nacho kina lango moja tu la kutokea.

Maji ya mvua

Swali la kwanza la mhandisi huhusu maji. Udongo wenye nyasi hunywa sehemu kubwa ya mvua. Paa na lami hazinywi. Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanja cha meta za mraba 4,000 kilichokuwa na nyasi kitafunikwa chote kwa paa na lami. Ikinyesha mvua ya milimeta 50, kiwanja hupokea meta za ujazo 200 za maji. Tukisema nyasi ziliachilia sehemu 0.2 ya maji hayo, zilizotiririka ni meta za ujazo 40. Lami na paa zikiachilia sehemu 0.9, zitatiririka 180. Tofauti ni 140, yaani lita 140,000, ambazo zisipozuiwa zitaingia kwa jirani.

Dawa ya kawaida ni kuchimba bwawa la kuyashika maji hayo. Lakini bwawa lenye kina cha meta moja ni mtego kwa mtu asiyekumbuka kwamba maji ni hatari. Hapa mkaguzi mwangalifu hudai bwawa liwe nje ya ua wa wagonjwa, au maji yahifadhiwe chini ya ardhi katika tabaka la kokoto.

Ua na moto

Ua humzuia mgonjwa asitoke barabarani. Moto ukizuka, ua huohuo waweza kumfungia karibu na miali. Kwa sababu hiyo, bustani iliyozungushiwa ua huhitaji ama lango linaloweza kufunguliwa, ama nafasi ya kutosha kukusanyikia watu, yapata meta 15 kutoka jengoni. Kanuni za zimamoto zinazofuatwa katika miji mingi ya Marekani hutaka njia ya gari la zimamoto iwe na upana wa meta 6.1 hivi, na ikiwa njia imeziba mwisho na urefu wake wapita meta 46, pawepo mahali pa kugeuzia gari.

Njia ya bustani nayo yafaa iwe ya mzunguko, imrudishe mzee alikoanzia. Njia inayokoma ghafla humfadhaisha. Rangi ya sakafu ni muhimu vilevile, kwani doa jeusi mgonjwa aweza kulidhania shimo akakataa kulivuka.

Magari na majirani

Wakazi wa nyumba hiyo hawaendeshi magari, lakini watumishi huendesha. Kosa la kawaida ni kuhesabu zamu moja tu. Ikiwa kila zamu ina watumishi 18, na kila mmoja ana gari, basi saa ya kupokezana patakuwa na magari 36. Maegesho ya magari 24 yatayaacha 12 barabarani, kabla hajafika mgeni hata mmoja.

Katika kikao cha hadhara majirani huuliza juu ya maji, taa na magari, na maswali hayo ni ya haki. Wengine husema tu kwamba hawawataki wagonjwa mtaani. Hoja hiyo haina nafasi: marekebisho ya mwaka 1988 ya sheria ya makazi ya Marekani yalikataza kuwabagua watu wenye ulemavu, hata kwa njia ya kanuni za mipango ya miji. Kamati yaweza kurekebisha ramani. Haiwezi kuwakataa watu kwa ajili ya ugonjwa wao.

Zoezi

1. Kokoto huacha nafasi tupu ya asilimia 40. Ili kuhifadhi chini ya ardhi meta za ujazo 140 za maji, zahitajika meta ngapi za ujazo za kokoto? (Jibu: 350.)

2. Chora kiwanja chenye jengo, ua, njia ya mzunguko, lango na njia ya zimamoto. Kisha jifanye mzee aliyesahau kila kitu, ukaifuate kwa kidole. Je, umefika nyumbani?