Tairi Linaloliwa kwa Ndani: Somo kwa Wenye Magari Yaliyoshushwa

Askari anaposimamisha gari kando ya barabara na kulizunguka, macho yake huangukia upande wa nje wa tairi. Dereva naye hutazama papo hapo kila asubuhi. Gari lililoshushwa huwadanganya wote wawili, kwa kuwa hula tairi upande wa ndani, ule unaoelekea injini, ambako jicho halifiki mpaka mtu apige magoti. Kwa nje kashata huonekana nzima, na kwa ndani nyuzi za waya zimekwisha kuchungulia. Tairi la namna hiyo, katika miteremko ya Bugarama, gari likiwa limejaa watu na magunia, hupasuka bila kubisha hodi.

Gari hushuka kwa njia zaidi ya moja. Wapo vijana wanaopenda lilalie chini, wakamwomba fundi akate springi, ambazo wengi wetu huziita resori. Yapo magari yaliyotumika Japani, ambako kushusha gari ni burudani ya miaka mingi. Yanapita bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kobero, na baadhi yake huweza kufika yakiwa na springi fupi tayari, mnunuzi asijue. Na wapo wasiokusudia lolote: springi zao zimechoshwa na mizigo na barabara za udongo za vilima kama vya Nyarusange, gari likazama kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Gurudumu la mbele halijui kama lilishushwa kwa urembo au kwa uchovu.

Tuangalie kinachotokea huko chini. Toyota Corolla, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1966, imefungwa mbele mtindo unaoitwa MacPherson: amortiseri imesimama wima na kushika gurudumu kwa juu, na mkono wa chuma hulishika kwa chini. Mwili wa gari ukishuka, mkono huo hubadili pembe, na kichwa cha gurudumu huinamia ndani. Huo ndio mwinamo ambao mafundi wengi huulaumu. Lakini mwinamo wa wastani peke yake hula tairi polepole. Mla tairi mkubwa ni mwenzake, yaani mwelekeo: magurudumu mawili ya mbele kuacha kutazama mbele kwa usawa. Gari likishuka, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu hubadili pembe pia, vikayasukuma magurudumu yatazame nje au ndani, kulingana na usukani ulivyofungwa mbele au nyuma ya ekseli. Yakitazama nje huku yameinama, bega la ndani hubeba adhabu zote mbili.

Hesabu ni hii. Gurudumu likipinda kwa robo ya digrii tu, kila kilometa linayokwenda huburutwa ubavuni zaidi ya mita 4. Kutoka Gitega hadi Bujumbura ni kiasi cha kilometa 100. Tairi hilo limesuguliwa lami kwa ubavu zaidi ya mita 400 katika safari moja, na dereva hakuhisi kitu mkononi, kwa sababu gurudumu la pili linapinda vivyo hivyo kwa upande wake na gari linakwenda moja kwa moja. Ndiyo maana hoja ya kwamba "gari halivuti upande" haitoshi kuwa ushahidi.

Robo hiyo ya digrii hupimika hata pasipo na mashine ya paralelismu. Gari liwe mahali tambarare. Inua mbele kwa jeki, zungusha kila tairi huku umeshikilia chaki au msumari uliotulia, lijichoree mstari mwembamba katikati ya kashata. Shusha gari, lisukume mbele mita chache magurudumu yakae mahali pake, usukani ukiwa umenyooka. Kisha pima kwa futi umbali kati ya mistari miwili kwa upande wa mbele wa matairi, na tena kwa upande wa nyuma, kwa kimo cha ekseli. Kwa tairi dogo la kawaida, tofauti ya milimita 5 tu ndiyo ile robo ya digrii kila upande. Mbele kukizidi nyuma, magurudumu yanatazama nje.

Mkono nao husoma. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Ikiwa njia moja ni laini na ya pili inakwaruza kama msumeno, mwelekeo umeharibika. Mabega yote mawili yakiisha na katikati kukabaki, upepo ni mdogo. Katikati kukiisha, upepo umezidi. Mashimo mashimo kuzunguka tairi hutokana zaidi na amortiseri iliyokufa, jambo la kawaida kwa springi iliyokatwa.

Kukata springi ni kazi mbaya, na tusione haya kulisema. Springi iliyofupishwa huwa ngumu zaidi, haikai sawasawa kitandani mwake, na gari likirushwa na shimo huweza kuchomoka. Kuilainisha kwa moto ni kubaya zaidi, kwa maana chuma hupoteza nguvu kiliyopewa kiwandani. Taa nazo huathirika: mbele kukishuka huangaza karibu mno, na nyuma kukilemewa na mzigo humpofusha anayekuja. Magari mengi ya Japani tayari yana taa zinazoelekea kushoto, nasi twaendesha kulia.

Kuona upande wa ndani si kazi kubwa. Kunja usukani wote kushoto, simama mbele ya gari, utazame gurudumu la kushoto. Kisha kulia kwa la kulia. Ndani ya mifereji ya kashata mna vivimbe vidogo. Kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6, ambayo ndiyo kikomo katika nchi za Umoja wa Ulaya. Askari akikuomba ukunje usukani hivyo, usidhani anakutafutia kosa. Na ni vyema kujitazama mwenyewe kabla ya kulipeleka gari OTRACO kwenye ukaguzi wa kiufundi.

Kwa fundi, utaratibu una maana yake. Kwanza rotili na busha zilizolegea zibadilishwe, maana kupima juu ya chuma kinachocheza ni bure. Pili urefu wa gari: springi za kiwanda zirudishwe, au zilizopo ziwe timamu na zilingane kushoto na kulia. Tatu mwinamo, ambao kwa magari mengi ya aina hii husahihishwa kwenye boliti zinazoshika chini ya amortiseri. Mwelekeo huja mwisho, kwa sababu ukigusa mwinamo baada yake umeuharibu tena. Springi mpya hukaa chini kidogo baada ya siku chache za kazi, kwa hiyo kipimo kirudiwe. Tairi lililokwisha kuliwa bega halitaponywa na paralelismu. Likiwa bado halijaonyesha nyuzi, na kashata yake haina mshale wala maandishi ya upande wa nje, fundi anaweza kuligeuza kwenye ringi bega zima likae ndani. Likionyesha uzi mmoja tu, liondoke kwenye gari siku hiyo hiyo.