Kimeng'enya Kinachotoka Kiinini: Jinsi Ukuta wa Moyo Unavyonenepa

Mtu mwenye shinikizo la juu la damu huweza kuishi miaka mingi bila maumivu yoyote, huku ukuta wa moyo wake ukinenepa. Unene huo hutokana na mabadiliko yanayopita ndani ya kiini cha seli, mahali jeni zinapozimwa na kuwashwa.

Ndani ya kiini, DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Kimeng'enya HDAC5, kikishirikiana na vingine vya jamii yake, huwezesha kuondolewa kwa asetili kwenye histoni. DNA hukazwa, na jeni za sehemu hiyo hazisomwi. Katika seli za moyo, HDAC5 hushikamana na MEF2, protini inayowasha jeni za ukuaji. Maadamu viwili hivyo vimeshikamana, jeni hizo hulala.

Moyo unaposukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa kwa muda mrefu, ishara za homoni na kalisi huzidi ndani ya seli. Vimeng'enya viitwavyo kinasi hubandika fosfeti kwenye sehemu mbili maalumu za HDAC5. Protini iitwayo 14-3-3 hushika sehemu hizo, na alama ya kutokea iliyokuwa imefichika hufunuliwa. Protini mchukuzi, CRM1, huitambua alama hiyo na kukipitisha kimeng'enya katika vitundu vya utando wa kiini hadi nje, kwenye saitoplazimu. HDAC5 hakikuharibiwa, kimehamishwa tu. Lakini MEF2 sasa imebaki huru. Jeni huamka, zikiwemo zilizofanya kazi moyoni kabla ya mtoto kuzaliwa, na seli huongezeka unene bila kuongezeka idadi.

Mwaka 2000, watafiti wa chuo kikuu cha tiba mjini Dallas, Marekani, walieleza utokaji huu katika seli za misuli. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba panya wasio na HDAC9, ndugu wa HDAC5, mioyo yao hunenepa kupita kiasi inapotwishwa mzigo. Breki ilipokosekana, ukuaji ulizidi.

Je, mlango huo hauwezi kufungwa kwa dawa? Si jambo jepesi, kwa kuwa CRM1 huchukua protini nyingine nyingi ambazo seli inazihitaji. Njia iliyopo leo ni kupunguza mzigo wenyewe. Shinikizo likidhibitiwa, moyo hupumzika, na kwa wagonjwa wengi unene wa ukuta hupungua.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anapomkuta mgonjwa aliyeacha vidonge kwa sababu "hasikii kitu", ampime na kumweleza kwamba dawa haitibu maumivu, bali hulinda moyo. Mgonjwa naye asiache dawa bila kushauriana na daktari. Kimya cha mwili si ushahidi kwamba moyo umepumzika.